Kilo Moja ya Embe Kavu: Somo la Biashara ya Haki kwa Wakulima Wadogo wa Matunda

Ifikapo mwishoni mwa Novemba, njia za vijiji vingi vyenye miembe hunuka tunda lililovunda. Embe ambalo mwezi Septemba lilitafutwa kwa tochi sasa hukanyagwa na wapita njia. Mchuuzi hununua kwa tenga wala si kwa kilo, na tenga lenyewe hujazwa mpaka likafanya kilima juu ya ukingo, kama lumbesa ya gunia la viazi. Wapo pia wanaouza mti mzima ukingali na maua, kwa sababu ada ya shule au gharama ya matibabu haingojei mavuno. Maembe yakikomaa, mwenye shamba huwa mlinzi wa mali ya mtu mwingine.

Dawa inayotajwa mara kwa mara kwa ugonjwa huo ni kukausha. Jambo lenyewe si geni. Wakazi wa Kanda ya Ziwa na Tabora wameishi na michembe na matoborwa ya viazi vitamu tangu enzi za mababu. Wa pwani na kusini wana makopa ya muhogo. Na tende zimekuwa zikifika bandarini kwa majahazi kutoka Oman na Ghuba kwa karne nyingi. Kipya ni embe, nanasi na ndizi kukaushwa kwa ajili ya mlaji wa Ulaya, chini ya makubaliano yanayojulikana kama biashara ya haki. Wanunuzi wa aina hiyo huzungumza juu ya ubia na “wakulima wadogo wa ng’ambo”, na mkazi wa kata hana budi kukumbuka kwamba wa ng’ambo anayesemwa hapo ni yeye.

Ubia huo umewafaa wengi. Umewavunja moyo wengine, na mara nyingi si kwa sababu mnunuzi alikuwa mdanganyifu. Kikundi kiliingia bila kujua kilo moja ya tunda kavu inakigharimu kiasi gani, na asiyejua gharama yake hawezi kuitambua bei ya haki hata akiwekewa mezani.

Ahadi zilizomo ndani ya neno “haki”

Nembo ya kwanza ya biashara ya haki kwa bidhaa za dukani ilianza Uholanzi mwaka 1988, kwa jina la Max Havelaar, ikiuza kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Mwaka 1997 nembo za nchi mbalimbali zilikusanywa chini ya shirika moja la kimataifa, ambalo leo huitwa Fairtrade International. Hapa Tanzania njia hiyo ilitangulia kufahamika kwa kahawa: vyama vikuu vya ushirika vya KNCU mkoani Kilimanjaro na KCU mkoani Kagera vimeuza sehemu ya kahawa yao kwa utaratibu huo kwa miaka mingi.

Kwa ufupi, mnunuzi aliye ndani ya utaratibu huo hulazimika kutoshuka chini ya bei ya kima cha chini, pale ambapo bei hiyo imepangwa kwa zao husika. Juu ya bei hulipa fedha ya ziada ambayo haiingii mfukoni mwa mkulima mmoja mmoja, bali hupelekwa kwenye chama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio huamua kama itajenga ghala, itanunua mizani au itachimba kisima. Kwa mazao mengi kikundi kinaweza pia kuomba malipo ya awali yanayofika hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, ili kiweze kununua matunda kwa wanachama wake kabla shehena haijasafiri.

Kifungu hicho cha malipo ya awali hupitwa haraka katika semina nyingi, nacho pengine ndicho chenye uzito kuliko vingine vyote kwa kata yenye miembe. Mtu huuza mti ukiwa na maua kwa sababu anahitaji fedha mwezi Julai. Kikundi kisicho na fedha mwezi huo hakiwezi kushindana na mlanguzi, hata kama bei ya Januari ni nzuri kiasi gani.

Upande wa pili wa ahadi ni wajibu. Chama kinachotaka nembo hukaguliwa, hutunza daftari la wanachama na mauzo, huchagua viongozi kwa kura, na hulipa ada ya kuomba pamoja na ada ya kila mwaka. Kwa kikundi chenye watu wachache na kilo chache ada hizo zinaweza kuzidi faida. Ndiyo maana vikundi vingi huanza kwa kuuza kupitia kampuni au chama kikubwa zaidi, na kuiacha nembo yao wenyewe kwa miaka ya baadaye. Wapo pia wanunuzi wanaofanya biashara ya haki kwa moyo na kwa mkataba bila nembo yoyote, na hao hupimwa kwa maandishi ya mkataba wao tu.

Njia ya Uganda na njia ya Burkina Faso

Mfano ulio karibu zaidi uko Njeru, ng’ambo ya mto Nile kutoka mji wa Jinja. Hapo kampuni ya Fruits of the Nile, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikusanya mananasi, ndizi na maembe yaliyokaushwa na wakulima na kuyauza nje, hasa kwa kampuni ya Tropical Wholefoods ya Uingereza, iliyokuwa mshirika wake tangu siku za mwanzo. Kinachofaa kutazamwa ni mahali kazi inapofanyika. Mkulima hakupeleka nanasi bichi kiwandani. Alikausha kijijini, kwa kaushio la jua lililojengwa kwa mbao, nailoni na wavu, akapeleka tunda likiwa tayari limekauka. Kampuni ilibaki na kazi ya kuchambua, kufungasha na kusafirisha. Kwa hiyo ujira wa kumenya, kukata na kukausha ulibaki kijijini, na mzigo uliobebwa kwenda barabarani ulikuwa sehemu ndogo tu ya uzito wa awali.

Uganda ilikuwa na faida moja ambayo haipaswi kusahaulika: ndizi hukomaa mwaka mzima na nanasi hupatikana kwa miezi mingi. Kaushio halilali. Kata inayotegemea embe peke yake italitumia kwa wiki nane au kumi, kisha litakaa likipigwa na jua na upepo, nailoni ikichakaa, mpaka msimu mwingine. Kikundi chenye busara huhesabu kwanza matunda yote ya kata, nanasi, ndizi na papai yakiwemo, kabla ya kuhesabu idadi ya makaushio.

Burkina Faso ilifuata njia nyingine. Nchi hiyo haina bahari. Embe bichi la magharibi mwake, kutoka maeneo ya Banfora na Bobo-Dioulasso, hulazimika kusafiri mbali kabla ya kufika bandari za nchi jirani. Embe kavu halioni taabu ya safari hiyo. Msimu wao huanza karibu na Aprili na kuingia katika mvua za Juni na Julai, wakati jua haliaminiki, nao wakajenga vituo vya kukaushia vinavyotumia gesi. Wanawake ndio wengi katika vituo hivyo, kwenye meza za kumenya na kukata. Gesi hugharimu fedha, lakini huwezesha kazi kuendelea usiku na siku ya mawingu, na tunda la leo hufanana na la jana.

Kata nyingi za Tanzania zenye miembe zinafanana na Burkina Faso kuliko zinavyofanana na Uganda, kwa maana msimu wa embe hukutana na mvua za vuli. Hilo husemwa mara chache na wauzaji wa makaushio ya jua. Tunda lililokatwa asubuhi, mawingu yakatanda adhuhuri na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, huanza kuchachuka juu ya trei, na hakuna soko la haki wala la dhuluma litakalolinunua.

Hesabu ya kilo moja

Zichukuliwe kilo 100 za maembe yaliyoiva. Maganda na kokwa huondoa takriban kilo 40, zikabaki 60 za nyama. Katika kila kilo 100 za nyama ya embe, maji ni karibu kilo 83. Kwa hiyo katika kilo 60 mna kama kilo 10 tu za kitu kigumu, yaani sukari, nyuzi na vinginevyo. Tunda likikaushwa mpaka libaki na unyevu wa asilimia 15, kilo hizo 10 hutoa takriban kilo 12 za embe kavu. Hicho ndicho kikomo cha juu. Katika kazi halisi yamo maembe yaliyotobolewa na nzi, yaliyoiva kupita kiasi, vipande vilivyokatwa vibaya na vilivyobadilika rangi, hata kikundi kinachoanza kikafurahi kupata kilo 8.

Sasa fedha. Bei hizi ni za mfano, na kila kikundi kitaweka zake. Ikiwa embe bichi linanunuliwa kwa shilingi 300 kwa kilo, kilo 100 ni shilingi 30,000. Ujira wa kumenya na kukata, maji, nishati, mifuko, usafiri na uchakavu wa kaushio uwe shilingi 32,000. Jumla ni 62,000. Zikigawanywa kwa kilo 8, kila kilo ya embe kavu imegharimu shilingi 7,750.

Anakuja mnunuzi akiahidi shilingi 7,000 kwa kilo. Mkulima aliyezoea shilingi 300 husikia bei iliyozidi mara ishirini na tatu, na mkutano hupiga makofi. Ukweli ni kwamba kila kilo inayoondoka inachukua shilingi 750 za kikundi. Mnunuzi huyo huenda ni mtu mwema kabisa. Hajui gharama za kikundi, na kikundi nacho hakikumwambia kwa sababu hakikuzijua.

Akija mwingine mwenye shilingi 9,000, kilo 8 huleta shilingi 72,000, na salio ni shilingi 10,000. Lakini visu vikiwa butu, maembe yakiwa yamechumwa mabichi na trei zikijazwa kupita kiasi, kilo 100 zilezile hutoa kilo 6. Mauzo huwa shilingi 54,000 dhidi ya gharama ileile ya 62,000. Bei ni ya haki, nembo iko juu ya mfuko, na kikundi kimepata hasara ya shilingi 8,000. Tofauti yote ya faida na hasara imetokea mezani, baina ya kisu na trei, mahali ambapo mkaguzi wa biashara ya haki hafiki kila siku.

Kwa sababu hiyo daftari la kwanza la kikundi liwe na safu tatu tu kwa kila siku ya kazi: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka zikiwa kavu, na fedha iliyotumika. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tenga libaki kuwa chombo cha kubebea.

Kuchuma, kukata na kukausha

Embe la kukausha huchumwa likiwa limekomaa na kuachwa liive kivulini. Lenye nyuzi nyingi, kama maembe mengi ya kienyeji, halifai. Hutoa vipande vinavyokwama menoni. Kisu kiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwani chuma cha kawaida huacha weusi juu ya nyama. Vipande viwe na unene wa milimita 5 hadi 8, vyote sawasawa, maana chembamba hukauka na kuungua wakati kinene bado kina maji. Joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi linatosha. Anayezidisha moto ili amalize haraka hulikakamaza tabaka la nje, maji yakafungiwa ndani, na baada ya mwezi mmoja ghalani mfuko huota ukungu.

Kipimo cha nyumbani cha ukavu ni rahisi. Kipande kikikunjwa kipinde bila kuvunjika, na kikibanwa kisitoe unyevu. Vipande vichache vitiwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana na kuachwa usiku mmoja; asubuhi ukiona umande ndani ya kioo, mzigo wote urudi kwenye kaushio.

Ukungu huo ndio hofu kubwa ya mnunuzi. Baadhi ya aina zake hutoa sumukuvu, na kwa matunda makavu mengi yanayoliwa moja kwa moja Umoja wa Ulaya huruhusu jumla ya mikrogramu 4 tu za aflatoksini kwa kilo. Kontena likizidi hapo huzuiwa. Jambo jingine ni salfa, ambayo baadhi ya watengenezaji huitumia ili tunda libaki na rangi ya kupendeza. Sheria za Ulaya zinataka itajwe kwenye lebo ikizidi miligramu 10 kwa kilo, na wanunuzi wengi wa biashara ya haki na wa kilimo hai hawaitaki kabisa. Embe lisilotiwa salfa hupungua mng’ao. Kuchovya vipande katika maji yenye ndimu husaidia, na kulikinga tunda na jua la moja kwa moja husaidia zaidi.

Yupo pia adui wa shambani. Nzi wa matunda anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na baadaye akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Hutaga mayai ndani ya embe, na tunda linaloonekana zima kwa nje huwa na mabuu ndani. Kukausha hakumwondolei mkulima wajibu wa kupambana naye, kwa kuwa kila embe lililotobolewa hupunguza kilo zile 8. Maembe yaliyoanguka yakusanywe kila siku na kufukiwa kwa kina cha nusu mita au zaidi, na mitego itundikwe kwa ushauri wa afisa ugani. Kazi hii haina maana ikifanywa na shamba moja huku jirani akiacha maembe yakioza chini ya miti yake.

Kabla ya kutia saini

Mkataba wa kuuza nje huwa na kurasa nyingi, mara nyingi kwa Kiingereza. Kikundi kina haki ya kudai tafsiri ya Kiswahili na muda wa kuisoma katika mkutano wa wanachama wote. Mnunuzi anayesema kwamba muda hautoshi ajibiwe kwa upole kwamba miembe haihami.

Swali linaloleta ugomvi mwingi zaidi ni lile la nani hubeba hasara mzigo ukikataliwa ng’ambo. Mkulima hawezi kusafiri kwenda kuona tunda linalosemekana limeharibika. Njia iliyozoeleka ni kuchukua sampuli ya kila mzigo mbele ya pande zote mbili, kuifunga na kuitia alama, nusu ikabaki kwa kikundi na nusu kwa mnunuzi, na kuandika katika mkataba ni maabara gani itakayoamua pakitokea ubishi. Iandikwe pia umiliki wa mzigo unahama wapi: langoni mwa kituo, bandarini Dar es Salaam au Tanga, au kule ufikapo.

Sarafu ya malipo na siku ya malipo zitajwe. Bei ya dola inayolipwa siku 90 baada ya meli kuondoka si sawa na bei hiyohiyo inayolipwa mzigo unapokabidhiwa, hasa kwa mwanachama anayengoja ada ya Januari. Na kifungu kinachokizuia kikundi kuuza kwa mtu mwingine yeyote kisomwe mara mbili. Mnunuzi akikubali kununua mzigo wote, kuna hoja ya kumpa upekee. Akijifunga kununua kiasi kidogo huku akikifunga kikundi kutouza kwingine, ubia huo umeegemea upande mmoja. Tunda la daraja la pili, ambalo Ulaya haitalipokea kwa sababu ya rangi au umbo, libaki mali ya kikundi. Maduka na hoteli za mijini hulinunua, na soko la nyumbani halihitaji kontena.

Kwa upande wa ushuru, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, bidhaa zake huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wala ukomo wa kiasi chini ya mpango ulioanza mwaka 2001. Mnunuzi anayetaka kupunguza bei kwa kisingizio cha ushuru huo aombwe kuonyesha stakabadhi.

Huduma zinazohusika

Afisa ugani wa kata hushughulikia nzi wa matunda, uchaguzi wa aina za miti na muda wa kuchuma. Afisa ushirika wa halmashauri huongoza uandikishaji wa chama na ukaguzi wa hesabu zake. Jengo la kukaushia na bidhaa huhitaji usajili wa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu Julai 2019 lilichukua kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya TFDA. Mnunuzi akidai cheti cha afya ya mimea, kinatolewa na mamlaka ya TPHPA. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya usindikaji na ushauri wa mitambo. Kuhusu mtaji, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na ombi lenye hesabu ya kilo zilizoingia na zilizotoka katika jaribio la trei chache lina nguvu kuliko lenye picha ya kaushio.

Jaribio hilo linaweza kufanywa kwa kilo 20 za ndizi au mananasi katika mwezi wowote, bila kungoja embe. Kungoja ndiko kunakogharimu. Katika maeneo mengi miembe hutoa maua kati ya Juni na Agosti, na huo ndio wakati walanguzi hupita shamba kwa shamba wakiwa na fedha taslimu mkononi. Kikundi kinachotaka kukausha mwezi Novemba kinahitaji kuwa na daftari, mizani na jibu la mnunuzi kuhusu malipo ya awali kabla maua ya kwanza hayajafunguka.